Mvua ya Mawe Mekundu

Ambokile alipocheka, Tusekile alidhani kaka yake anacheka kwa raha ya kukumbuka. Walikuwa jikoni, Tukuyu, asubuhi ya Jumatano, mvua ikigonga bati bila haraka kama ilivyo kawaida ya mvua ya huko. Tusekile alikuwa akimenya ndizi za kupika, na kwenye kioo kidogo cha kusomea alichokiegemeza kwenye chupa ya chai alikuwa amemfungulia kaka yake kiokotwa cha Jumamosi iliyopita, andiko la zamani lililowatoa watu machozi Barazani, kwenye mkutano wao wa kila wiki.

"Soma tena hapo," Ambokile alisema huku akijifuta macho. "Hapo kwenye mawe."

Tusekile akasoma. Yalikuwa mazungumzo ya watu sita waliosoma shule moja, yaliyoandikwa kwenye mtandao wa zamani, kabla ya Gharika. Walikuwa wakibishana ni mwaka gani mvua ya mawe ilivunja vioo vya kanisa. Mmoja wao, aliyejiita Kasukari, aliandika: Mnasahau jambo moja, mawe yalikuwa mekundu. Mekundu kama yaliyochovywa kwenye ubuyu. Tuliyaokota tukayalamba.

"Tuse, hiyo ni ndoto yako," Ambokile alisema.

"Ndoto gani?"

"Ulikuwa na miaka sita, malaria imekupanda kichwani. Uliamka unamwambia mama kuna mawe mekundu uani, unataka bakuli ukaokote. Mama alicheka pembeni mwaka mzima, wala hakukukatalia. Mvua ilinyesha, ndiyo, na vioo vilivunjika. Lakini mawe yalikuwa meupe kama mawe mengine. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi na miwili."

Kisu kilisimama katikati ya ganda. Tusekile alijaribu kuikumbuka siku ile upya, bila ile rangi, akashindwa. Kwake mawe yalikuwa mekundu tangu utotoni, na kwa miaka hamsini na sita hakupata sababu ya kuyatilia shaka. Jumamosi, alipoyakuta yameandikwa na mtu asiyemjua, alilia mbele za watu. Alisema, na sauti yake ikahifadhiwa: "Hiki nakipa muhuri kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwepo."

"Nani mwingine ulimwambia habari za mawe hayo?" Ambokile aliuliza, bado anatabasamu, hajui anachokichokoa.

Tusekile alikuwa amemwambia mama, ambaye alishakufa. Na Lugano.

*

Watu waliozaliwa baada ya Gharika, yale mafuriko ya maandishi ya mashine, hawaelewi kwa nini wazee wao hukaa kila Jumamosi kujadili maandishi ya watu waliokwisha kufa kuhusu ufugaji wa kuku. Kwao mtandao ni kama maji ya bomba: unafungua, kinatoka unachokipenda. Habari, hadithi, picha, hata marafiki wa kupiga nao soga, vyote hutengenezwa na mashine palepale, kwa kipimo cha anayefungua. Hakuna anayekuta kitu njiani. Kila kitu kinamjia yeye, kimeshamjua jina na kinajua anachokipenda.

Baraza la Waokotaji lilianzishwa na watu wawili waliochoshwa na hali hiyo. Lugano alikuwa fundi wa seva huko Kiwira, mwenye ufunguo wa hifadhi za mtandao wa zamani ambazo hakuna mwingine aliyezitaka. Tusekile alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Kila wiki Lugano alizama humo, akaibuka na kitu, Tusekile akakihakiki, kisha watu mia nne, kila mmoja kwake, kisikizi sikioni, wakakijadili mpaka jua lizame. Kanuni ilikuwa moja tu: kiokotwa kiwe kimefanywa na mtu, tena mtu ambaye hakuwa akikufikiria wewe. Mwanamke wa Ludewa aliyerekodi sauti za mbuzi wake kwa miaka miwili ili ajue yupi anaumwa. Watu wawili waliogombana siku arobaini juu ya namna ya kukaanga dagaa, kisha mmoja akafiwa, na yule mwingine akawa wa kwanza kumpa pole. Mambo madogo ya namna hiyo. Watu walikuwa wakiyasikiliza kama wenye kiu.

Muhuri wa Tusekile haukuwa alama. Ulikuwa maneno yake, dakika tatu au nne za kueleza kwa nini anaamini. Sauti za watu zilikuwa zikiigwa tangu zamani, hilo kila mtu alilijua. Kilichodhaniwa hakiigiki ni namna yake ya kufikiri. Aliangalia mambo matatu, na wanabaraza waliyajua kwa moyo: makosa, majira na majirani. Mtu hukosea kwa mazoea yake, na makosa yake huongezeka akichoka au akikasirika, hayanyunyizwi sawasawa kama chumvi. Mtu ana majira. Hupotea wiki tatu kwa sababu ya mavuno au homa, akarudi bila kueleza. Na mtu ana majirani. Wapo wanaomchukia kwa kisa kilichotokea mahali pengine kabisa.

Mchana ule, Ambokile alipolala, Tusekile alimfungua tena Kasukari na kumpitia mstari kwa mstari. Kasukari alichanganya herufi ya r na l, lakini jioni tu. Alitoweka wiki tatu, msimu wa kahawa. Mtu mmoja aitwaye Gwakisa alikuwa akimjibu kwa ukavu, na ukirudi nyuma sana ungegundua ni kwa sababu ya mpira ambao Kasukari aliuazima asiurudishe. Kila kitu kilikuwepo. Kila kitu kilikuwa palepale ambapo Tusekile angetazama kwanza.

Alikuwa amesahihisha madaftari kwa miaka thelathini na moja. Aliijua sura ya jibu lililoandikwa na mwanafunzi anayemjua msahihishaji.

Akakumbuka Alhamisi. Kila Alhamisi, kwa miaka tisa, Lugano alimpigia simu wakazungumza saa nzima, na kila mara, katikati ya soga, aliuliza swali lilelile kwa sauti ya mtu anayependa kujifunza: "Dada, kile cha juzi, ulijuaje kwamba ni mtu?" Naye alimweleza, bila kuficha, kwa ile furaha ya mwalimu mstaafu aliyepata mwanafunzi.

*

Alhamisi hiyo hakusubiri simu. Alipanda bajaji mpaka Kiwira, akamkuta Lugano kwenye ghala la zamani la mahindi alilolifanya chumba cha seva.

"Shikamoo dada. Umekuja na mvua hii?"

"Marahaba."

Lugano alimtolea kiti, akakifuta kwa mkono wa shati, akaenda kuweka maji ya chai. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, mwembamba, mpole. Siku mume wa Tusekile alipozikwa, ni yeye aliyesimamia chakula tangu asubuhi mpaka mtu wa mwisho akaondoka.

Tusekile hakukaa. Alikuwa amewahi kuja hapa mara nyingi, miaka ile ya mwanzo, na alikumbuka kelele za feni za kupoza hifadhi. Ilibidi mtu apaze sauti. Leo alisikia mvua tu. Makabati manne ya hifadhi yalikuwa yamesimama gizani, na alipopitisha kidole juu ya moja, kidole kilirudi na vumbi nene. Pembeni palikuwa na mashine moja ndogo, mpya, yenye joto.

"Hifadhi zilizimwa lini, Lugano?"

"Nani amekwambia?"

"Mawe mekundu. Ile ilikuwa ndoto ya homa. Hakuna aliyeiona ila mimi, na nje ya nyumba yetu hakuna niliyemsimulia ila wewe."

Lugano aliketi kwenye kile kiti alichomtolea. Mikono aliiweka katikati ya magoti.

"Miaka sita," alisema. "Diski zilioza, dada. Ni kama mahindi yakiingiwa na ukungu, unaokoa gunia moja kesho unakuta limeenda jingine. Kitu cha mwisho kizima nilichokitoa ni yule mama na mbuzi zake. Baada ya mbuzi hakuna kitu."

"Tangu mbuzi nimepiga muhuri mara mia mbili na kumi na nne."

"Najua."

"Vyote vya mashine?"

"Vyote. Isipokuwa kimoja."

Tusekile akayatazama yale makabati. Alikuwa amejiandaa kwa uongo mmoja, labda miwili. Alijaribu kuwakumbuka watu aliowapenda kwa miaka hiyo sita: kinyozi aliyeandika barua kwa wateja wake waliohama, msichana aliyehesabu treni, wale mapacha wa Mpanda. Wote walikuwa hapa, ndani ya kile kiboksi chenye joto, wametengenezwa kwa maneno yake.

"Tulikuwa tumebaki watu tisini," Lugano alisema. "Unakumbuka? Wiki tatu mfululizo sikuwa na kitu, watu wakaanza kuondoka. Mzee Kajuni aliniambia Jumamosi bila Baraza anasikiliza moyo wake ukidunda tu. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia zimekwisha."

"Na wewe ningekwambia nini? Ule ulikuwa mwaka wa kumzika shemeji. Alhamisi ndiyo siku pekee uliyokuwa unacheka."

"Alhamisi ulikuwa unaninasa."

Hakubisha. "Mashine ilihitaji kujifunza kwa anayejua. Hakuna anayejua kama wewe, dada."

"Usinivishe kilemba cha ukoka. Kwa nini mawe? Ulijua ni yangu."

"Sikuyachagua mimi. Mashine yenyewe ndiyo inayochagua kile kitakachopita. Nilipokusikia unalia nilitaka kukwambia palepale. Kisha watu wakaanza kukushukuru."

Maji yalichemka, akanyanyuka kuyaepua, na kwa jinsi alivyokuwa akimwaga chai kwa uangalifu asimwage nje, Tusekile akajua kuna jambo jingine.

"Kile kimoja cha kweli ni kipi?"

"Ipyana," Lugano alisema.

Mama Ipyana wa Masoko alikuwa na miaka themanini na minne. Mwanawe alivuka mpaka mwaka wa Gharika, kwenda Karonga kutengeneza redio, hakurudi wala haikuja habari yake. Miaka minne iliyopita Lugano alileta Barazani ujumbe wa kijana aliyejiita Ipyana, kwenye ukumbi wa mafundi wa mtandao wa zamani. Ukafuata mwingine, na mwingine, mpaka jumbe zikawa thelathini na moja. Yule mama alijifunza maneno ya ufundi uzeeni ili amwelewe mwanawe. Alikuwa akizungumza Barazani juu ya transfoma kama wenzake wanavyozungumza juu ya wajukuu.

"Ule wa kwanza niliukuta kweli," Lugano alisema. "Nilikuwa nimeiwasha tena diski moja kujaribu, ikafia mkononi mwangu. Mistari minne. Jina, Karonga, redio. Hizo thelathini nyingine ni za mashine. Nilisema nitampa mbili tatu, afarijike. Akawa anaomba zaidi."

"Na sasa?"

"Sasa ukoo wake umekataa kumlilia Ipyana bila ushahidi, na yeye anataka kukaa matanga ya mwanawe kabla hajafa. Jumamosi hii nina ujumbe wa mwisho. Fundi mwenzake anaandika kwamba Ipyana aliugua siku nne, akafariki, akazikwa vizuri, watu wakaimba. Ukiupigia muhuri, ukoo utakubali. Mama atapumzika. Na baada ya hapo nitafunga kila kitu, naapa."

"Na kama yuko hai?"

"Angekuwa na miaka sitini na nne. Angekuwa hai angerudi."

"Hujui."

"Sijui. Wewe pia hujui. Anayeumia kwa kutojua kwetu ni yule mama."

Tusekile alitazama mvua kupitia mlangoni. Kilichomchoma ni kwamba maneno hayo hayakuwa ya mtu mbaya. Angekuwa mwizi, angemtukana akaenda zake. Lakini huyu alikuwa amekusanya upweke wa watu wote, na wa Tusekile akauweka juu kabisa, akaulisha kwa uaminifu miaka sita, na sasa alikuwa akimwomba amzike mtu kwa mdomo wake. Alifikiri juu ya wanawake wa Masoko wakiwa wamekaa chini kwenye mikeka, na yule mama akilia kilio alichokibana miaka arobaini. Kilio kingekuwa cha kweli. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba kila kitu kingekuwa cha kweli isipokuwa kifo chenyewe.

"Niandikie ule wa kwanza," alisema. "Kwenye karatasi."

Lugano akaandika. Chai ilibaki palepale.

*

Ijumaa barabara ya Masoko ilikuwa tope, dereva wa bajaji akakataa kuendelea, Tusekile akamalizia kwa miguu na mwavuli uliokuwa ukimgeukia. Njiani alisimama mara mbili. Mara ya pili alijiambia kwamba atamsalimia tu yule mama, amtazame hali yake, kisha aamue.

Lakini Mama Ipyana alimpokea kwa furaha ya mtu aliyeambiwa sauti anayoipenda ina miguu. Alimkalisha karibu na moto, akampa taulo, akaanza kumweleza jinsi mwanawe alivyokuwa na akili ya kuunganisha nyaya tangu mdogo. Hapo Tusekile akaona kwamba kila dakika anayochelewa ni uongo mwingine, akasema.

Alisema yote, kwa mpangilio, kama anavyotoa muhuri. Yule mama alisikiliza bila kukatiza.

"Ule anaosema bado anakula ndizi bila chumvi," aliuliza mwishowe. "Huo ni wake?"

"Ni wa mashine, mama."

"Ule wa kuniota?"

"Wa mashine."

"Mashine ilijuaje kwamba Ipyana hali chumvi?"

"Ulituambia mwenyewe Barazani. Mwaka juzi."

Mama Ipyana aligeuza kuni. Moto ulishika upande mwingine, ukamwangaza uso, na uso haukuwa na machozi.

"Huyo Lugano simjui," alisema. "Kwangu ni sauti tu sikioni, inaleta vitu. Mimi nilikuwa nakusubiri wewe. Ukisema 'huyu ni mtu', ndipo nalala. Miaka minne nimelala kwa neno lako."

"Nisamehe, mama."

"Sijui kama naweza. Nikikusamehe leo nitakuwa nakudanganya, na wewe umesema umechoka kudanganywa."

Tusekile akainamisha kichwa. Alikuwa ametoka Kiwira akijihesabu kuwa aliyetendewa. Hakuwa amefikiri kwamba mbele ya mlango huu angefika akiwa mtenda.

"Kesho kutakuja ujumbe kwamba amekufa," alisema. "Usikubali. Hakuna anayejua. Kuna mistari minne tu iliyoandikwa na mtu. Kama mtu huyo ni mwanao, hilo pia siwezi kukuapia."

"Isome."

Akakunjua karatasi. "Wakuu, hiyo transfoma msiipige nyundo. Ianikeni juani siku mbili kwanza. Mimi niko Karonga, redio kama hiyo nimefufua tatu. Ipyana."

"Basi?"

"Basi, mama."

"Hajaniuliza hali."

"Hajauliza."

Mama Ipyana alichukua karatasi, ingawa hakuweza kuisoma bila miwani, akaishika kwa mikono miwili.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema.

*

Jumamosi saa kumi Tusekile aliweka kisikizi sikioni akiwa amejiandaa kusema. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye daftari, maana alijua sauti itamsaliti. Lakini Lugano alitangulia.

Alileta ujumbe wa fundi wa Karonga. Ulikuwa mzuri, hilo Tusekile hakuweza kulikana. Fundi alikuwa na haraka, alikosea majina, alichanganya siku ya mazishi akarudi kuirekebisha. Aliwakasirikia waombolezaji waliokuja kula tu. Watu mia tatu na hamsini waliohudhuria walikuwa wakisikiliza. Kisha, kabla Tusekile hajafungua mdomo, sauti yake ikaanza kuzungumza.

"Mimi huyu namwamini," sauti ilisema. "Angalieni anavyorudi kwenye siku ya mazishi. Mashine ikikosea siku huiacha au huifuta. Mtu aliyembeba mwenzake begani huona aibu kukosea siku aliyombeba." Ikanyamaza kidogo, pale ambapo yeye hunyamaza. "Nawaomba tusimame kwa ajili ya Mama Ipyana. Nakipa muhuri."

Lilikuwa wazo zuri. Ndilo lililomtia baridi. Ni wazo ambalo angelipata mwenyewe, labda kesho yake, akiwa anafua.

"Hiyo si mimi," Tusekile alisema.

Mtu mmoja akauliza nani anasema.

"Hiyo si mimi. Ndugu zangu, hakuna hifadhi. Zilioza miaka sita iliyopita. Kila kitu tangu wakati huo, ila mistari minne, ni cha mashine, na mashine ilijifunza kwangu." Akaendelea, akasahau daftari, akawaambia juu ya vumbi kwenye makabati, juu ya Alhamisi, juu ya ndoto yake ya homa.

Alipomaliza, aliyezungumza ni Mzee Kajuni wa Vwawa, mmoja wa wanabaraza wa kwanza, mtu ambaye hakuwa na mke wala mtoto. "Dada Tusekile, tumekusikia mara mbili sasa hivi. Mara ya kwanza ulisema kama tunavyokujua. Hii ya pili unasema kama mtu mgonjwa. Tuamini ipi?"

"Hii. Ninayesema sasa."

"Huenda hii ndiyo ya mashine," mwanamke mmoja alisema, na hakusema kwa ubaya.

Lugano hakusema kitu mbele za watu. Lakini kwenye njia yao ya siri, ile ya watu wawili, Tusekile alimsikia akinong'ona. "Nisamehe, dada. Sikuiambia ipige muhuri. Jana niliiuliza tu, kama ungekubali ungesemaje. Nikadhani ukisikia utanyamaza, kwa ajili ya mama."

Ndipo Mama Ipyana alipozungumza. Sauti yake ilikuwa karibu mno na kisikizi, kama ya watu wa umri wake wote.

"Jana mtu alikuja kwangu kwa miguu, amelowa, akaniambia jambo lisilomfaidia yeye wala mimi. Nilimpa taulo. Muhuri haujawahi kulowa nyumbani kwangu." Akapumua. "Mwanangu hajafa mpaka aje aliyemzika. Mbaki salama."

Wote wakasikia mlio mdogo wa mtu anayetoka.

Waliobaki walizungumza mpaka giza likaingia. Walitoka watu kumi na saba, mmoja mmoja, bila kuaga. Wengine walilia, wengine walimkemea Lugano, lakini kadiri saa zilivyokwenda maneno yao yalianza kupoa na kugeuka. Mzee Kajuni aliuliza kama wale mapacha wa Mpanda wangeendelea. Mtu akasema hata kama ni wa mashine, mazungumzo waliyozungumza juu yao yalikuwa ya watu. Mwingine akasema hilo ni kweli kabisa. Tusekile aliwasikiliza wakitafutiana sababu, wakizipokezana kwa upole kama watu wanaosaidiana kubeba kabati, akaelewa kwamba wameshaamua tangu zamani na kwamba yeye ndiye anayewachelewesha.

"Dada," Mzee Kajuni alimwambia, "hakuna anayekufukuza. Lakini usituletee tena habari hizo. Tuna Jumamosi moja tu kwa wiki."

Tusekile akatoa kisikizi, akakiweka mezani.

*

Jumamosi iliyofuata alikuwa Masoko. Hakuitwa; alikwenda, na hakukatazwa kuingia. Mama Ipyana alikuwa bado hajamsamehe na alimwambia hivyo tena, akimpa kigoda. Kisha wakaanza kazi ya kumtafuta Ipyana. Mpakani palikuwa na watu waliozeeka, wenye kumbukumbu zao, na mjumbe wa ukoo alikuwa amekubali kuvuka na majina mkononi kama atapewa majina. Tusekile alikuwa akiyaandika: aliyesafiri naye, aliyemuuzia vifaa, kanisa alilosema atasali.

Jua la jioni lilikuwa limetoka kidogo wakati jirani, mwanamke wa makamo aitwaye Mama Atu, alipoingia kuomba moto. Kisikizi chake hakikuwa sikioni. Alikuwa amekitundika shingoni, na sauti ilikuwa ikisikika nje.

Ilikuwa sauti ya Tusekile. Ilikuwa ikisimulia habari za mtu fulani aliyepanda miti kando ya reli, ikieleza ilijuaje kwamba ni mtu. Watu walikuwa wakicheka. Mzee Kajuni alisikika akisema kwamba tangu azaliwe hajamsikia dada akizungumza vizuri hivi, naye yule dada akamshukuru, akamtania juu ya kikohozi chake, na watu wakacheka tena.

Mama Atu alitazama kisikizi, kisha akamtazama mwanamke aliyeketi kwenye kigoda na daftari magotini. Akatazama kisikizi tena. Alifungua mdomo kama anayetaka kusalimia, asijue amsalimie nani.

Tusekile alisikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Ilikuwa sentensi nzuri. Kisha akageuza ukurasa.

"Tuendelee, mama," alisema. "Huyo aliyempangishia chumba, aliitwa nani?"